Mfamasia wa Hospitali na Uhuru wa Kusema Hapana

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazungumzo juu ya huduma ya afya yamekuwa mengi katika parokia na jumuiya zetu ndogo ndogo, na ni vema yakawa mengi. Waamini wanauliza kiasi cha michango, aina za huduma zitakazolipiwa, na kama kadi zao zitapokelewa katika hospitali ya jimbo. Madaktari wanasikika, wauguzi wanasikika, na wamiliki wa hospitali wanasikika zaidi. Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye hatumsikii akiulizwa lolote, ingawa sehemu kubwa ya gharama za matibabu hupita mikononi mwake kila siku. Huyo ni mfamasia wa hospitali.

Tunaona inafaa kumzungumzia sasa, kabla taratibu mpya za malipo hazijazoeleka. Namna hospitali inavyolipwa ndiyo itakayoamua kama mfamasia ataweza kuifanya kazi aliyosomea, au atabaki kuwa mtu wa kuhesabu vidonge na kuandika risiti. Kwa hospitali zinazobeba jina la Kanisa, swali hilo linazidi hesabu za fedha.

Kwa mwamini wa kawaida, mfamasia ni mkono unaotoka dirishani. Unapokea karatasi ya daktari, unarudisha pakiti ndogo zilizoandikwa 1×3 au 2×2, na sauti inasema: asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Mara nyingi mwenye mkono huo wala si mfamasia, bali ni fundi sanifu wa dawa au msaidizi, watu wanaostahili shukrani kwa kazi wanayoifanya. Lakini nyuma ya dirisha kuna kazi ambayo wengi hatuijui, na kwa kuwa hatuijui, hatugundui inapokosekana.

Kazi hiyo huanza kabla mgonjwa hajafika. Mfamasia ndiye anayekadiria dripu na dawa za malaria zitakazohitajika mvua zikianza kunyesha. Ndiye anayepeleka maombi Bohari ya Dawa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikikosa, vituo vinavyofuata utaratibu wa Serikali humgeukia mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa kwa mkoa, kwa mpango ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchini mwaka 2018. Mfamasia ndiye anayesoma tarehe za kuisha muda, anayepanga zinazokaribia kuisha zitangulie kutoka, na anayeshuku boksi ambalo maandishi yake hayakukaa sawa. Shuku hiyo ina msingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haina ubora unaotakiwa.

Tuchukue oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu baada ya kujifungua ili mji wa mimba ujikaze na damu isivuje. Dawa hii inataka kuhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Ikikaa siku nyingi nje ya jokofu katika joto la Kilombero au la Pwani, chupa yake inabaki ileile na maji yake yanabaki maangavu vilevile, lakini nguvu yake imepungua. Mkunga ataichoma kwa imani, mama ataendelea kutokwa damu, na katika taarifa itaandikwa kwamba mama alivuja damu baada ya kujifungua. Si rahisi mtu akaandika kwamba umeme ulikatika Jumamosi usiku na jokofu la famasia halikuwa na mwangalizi hadi Jumatatu asubuhi. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya kina mama katika nchi yetu. Ndiyo maana tunasema daftari la joto la jokofu, linalojazwa asubuhi na jioni na mtu asiyesifiwa na yeyote, ni sehemu ya utetezi wa uhai sawasawa na maandamano na matamko yetu.

Kisha kinakuja cheti cha daktari. Mfamasia aliyefundishwa hakipokei kama amri, anakisoma kwa maswali. Mtoto huyu ana kilo ngapi? Dozi iliyoandikwa inalingana na uzito wake, au ni ya mtu mzima iliyokatwa nusu kwa kukisia? Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeandikiwa rifampisini, je, anatumia pia dolutegraviri kwa ajili ya Virusi vya UKIMWI? Ikiwa ndiyo, rifampisini itaishusha dolutegraviri mwilini, na dozi yake inapaswa kuwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mzee mwenye figo dhaifu aliyeandikiwa gentamaisini kwa kiwango cha kijana mwenye afya anaweza kupona maambukizi akabaki na figo zilizoharibika zaidi, au akapoteza usikivu. Mtoto mchanga anayepewa dripu yenye kalisiamu hapaswi kupewa seftriaksoni, kwa sababu viwili hivyo vikikutana huganda pamoja na vinaweza kuua. Mgonjwa wa moyo anayetumia wafarini ili damu isigande, akiongezewa metronidazoli bila mtu kufuatilia, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Hakuna daktari mmoja anayeweza kuyakumbuka haya yote saa nane usiku, baada ya wagonjwa 60, na kutomtegemea hivyo si kumdharau. Ndiyo maana tiba iligawanywa mikononi mwa wengi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dunia nzima dhidi ya madhara yanayotokana na makosa ya dawa, likikadiria kwamba makosa hayo hugharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Wanaofuatilia jambo hili wanafahamu tahadhari moja ya zamani: potasiamu kloridi nzito isikae ovyo katika kabati za wodi, kwa kuwa muuguzi aliyechoka anaweza kuifikiria ni maji ya kuchanganyia sindano, na ikichomwa moja kwa moja moyo unasimama. Mahali penye mfamasia mwenye mamlaka, chupa hizo hukaa chini ya ulinzi wake. Asipokuwapo, hukaa popote penye nafasi.

Tumetumia neno mamlaka kwa makusudi. Elimu ya mfamasia haina faida kwa mgonjwa kama hawezi kurudisha cheti. Katika hospitali nyingi kuna sentensi inayofunga kila mjadala: daktari ameshaandika. Mfamasia kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, anapigaje simu kumwambia daktari bingwa kwamba dozi imezidi? Katika utamaduni wetu wa heshima kwa wakubwa, simu hiyo ni nzito, na mara nyingine haipigwi. Mkurugenzi wa hospitali, awe padre, sista au mlei, anaweza kuifanya iwe nyepesi kwa jambo dogo tu: kusema hadharani, mbele ya madaktari wote, kwamba simu ya mfamasia hupokelewa na haimletei lawama.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi katika usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wetu wanauita UVIDA. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa, na kwamba vifo milioni 4.95 vilihusiana na bakteria hao kwa namna fulani. Mzigo ulikuwa mkubwa zaidi, kwa uwiano wa idadi ya watu, katika nchi za Afrika ya Magharibi. Nasi hatuko salama. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa watoto waliolazwa na maambukizi ya damu, usugu wa vimelea ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Wengi wa watoto hao wangekuwa vijana leo.

Tarehe 26 Septemba 2024, viongozi wa mataifa walikutana katika Umoja wa Mataifa na kukubaliana kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu huu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Walikubaliana pia kwamba angalau asilimia 70 ya viuavijasumu vinavyotumiwa na binadamu viwe vya kundi la kwanza, yaani vile vya kawaida kama amoksilini, ambavyo Shirika la Afya Duniani linavitenga na kundi la uangalizi na kundi la akiba. Seftriaksoni tuliyoitaja juu imo katika kundi la uangalizi. Kila aliyewahi kulazwa au kuuguza mtu hapa nchini anajua inavyotumika kwa wingi. Kwa wagonjwa wengi imekuwa "ile sindano yenyewe", na asiyechomwa huona hakutibiwa.

Lengo hilo la asilimia 70 litafikiwa, au litashindikana, katika madirisha ya dawa na wodini, pale mtu mmoja mwenye elimu ya dawa atakapouliza: kwa nini hii, na kwa nini siku saba? Mfamasia anayezunguka wodini pamoja na daktari na muuguzi, akisoma majalada na kupendekeza sindano ibadilishwe kuwa vidonge mgonjwa akianza kula, anafanya kazi ya kitume hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo gumu, na tunaliandika tukijua kwamba halitawapendeza wote.

Katika hospitali nyingi zisizo za Serikali, zikiwemo za mashirika ya dini, famasia ndiyo mfuko wa nyumba. Ada ya kumwona daktari huwekwa chini ili maskini wasikimbie, gharama ya kitanda ni ndogo, upasuaji mara nyingi unatia hasara. Faida inayoongezwa juu ya bei ya dawa ndiyo inayonunua dizeli ya jenereta, inayomlipa mlinzi, inayoziba pengo madai ya bima yanapochelewa. Hatusemi kwamba ni dhambi. Hospitali isiyolipa mishahara hufungwa, na ikifungwa maskini ndiye wa kwanza kuumia. Lakini lazima tuone mpangilio huo unamfanyia nini mfamasia. Anapomwambia daktari kwamba mgonjwa huyu hahitaji seftriaksoni, amoksilini inamtosha, amefanya kazi yake vema, na kwa siku hiyo hiyo amepunguza mapato ya hospitali. Anapogundua kwamba mama mwenye mafua ameandikiwa dawa tano na kwamba moja tu inamhusu, uaminifu wake unaonekana katika hesabu za mwezi kama upungufu.

Mtu anaweza kuvumilia mvutano huo mwezi mmoja au miwili. Baada ya mwaka ataacha kuuliza.

Bima inaweza kulizidisha tatizo hili au kulipunguza. Mfuko ukilipa kwa kila dawa iliyotolewa, kishawishi ni kutoa nyingi. Ukilipa kiasi cha jumla kwa kila mwanachama aliyeandikishwa, kishawishi kinageuka, kinakuwa cha kunyima: kutoa pungufu, au kumwambia mgonjwa aende akanunue nje. Maneno hayo, "ukanunue nje", kila familia inayajua. Nje kuna Maduka ya Dawa Muhimu, mpango mzuri ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na ulioleta nidhamu vijijini, lakini duka haliwezi kuwa na jalada la mgonjwa wala kujua figo zake zikoje. Katika mifumo yote miwili ya malipo, kinga ya mgonjwa ni ileile: mtaalamu wa dawa ambaye mshahara wake, cheo chake na amani yake kazini havitegemei kiasi cha dawa kilichotoka. Pendekezo letu kwa wamiliki wa hospitali, yaani majimbo na mashirika ya kitawa, ni kwamba mfamasia asipimwe kamwe kwa mapato ya famasia. Apimwe kwa dawa muhimu zilizokuwapo mwezi mzima, kwa dawa chache zilizoisha muda zikiwa stoo, na kwa makosa aliyoyazuia. Kama hospitali haiwezi kuishi bila faida ya dawa, basi uongozi ubebe hadharani uamuzi wa kuongeza ada nyingine au kuomba msaada, kuliko kuuficha uamuzi huo ndani ya cheti cha mgonjwa.

Mafundisho ya Kanisa yanatupa sababu ya kulidai hili. Tarehe 14 Oktoba 2021, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na wafamasia wa hospitali wa Italia, aliwaelekeza kwenye Injili ya Msamaria Mwema, lakini hakumchukua Msamaria. Alimchukua mwenye nyumba ya wageni. Tumezoea kuhubiri juu ya kuhani, Mlawi na Msamaria, na yule wa nne tunampita kama walivyompita wenzake majeruhi. Ndiye aliyekabidhiwa mgonjwa na dinari mbili. Ndiye aliyebaki naye usiku wa pili na wa tatu, Msamaria akiwa ameshaondoka na safari yake. Baba Mtakatifu aliona kwake mambo mawili yanayomhusu mfamasia: kazi ya kila siku isiyobadilika, na huduma iliyofichika.

Sisi tunaongeza jambo moja linalotokana na hesabu za mfano huo. Mwenye nyumba alipewa fedha mkononi na ahadi ya kulipwa chochote atakachozidisha. Angeweza kuzidisha bila sababu, kwani mlipaji hakuwapo. Angeweza pia kumtoa majeruhi nje dinari zilipokwisha. Injili haisemi alifanya lolote kati ya hayo. Msamaria alimwamini, na uaminifu huo ndio uliobeba uhai wa mtu asiyeweza kujisemea. Tukisoma hivyo, tunaiona bima ya afya ikiwa imo ndani ya Injili ya Luka na vishawishi vyake vyote.

Katika hotuba hiyo Baba Mtakatifu aligusa pia dhamiri, akisema kwamba pingamizi la dhamiri si usaliti wa taaluma bali ni uaminifu kwake. Miaka 14 kabla yake, mwezi Oktoba 2007, Papa Benedikto XVI aliwaambia wafamasia Wakatoliki kutoka nchi mbalimbali jambo linalofanana na hilo, akikumbusha kwamba mfamasia anasimama kati ya daktari na mgonjwa. Tumezoea kulisikia fundisho hili likihusishwa na utoaji mimba na kifo laini, na mahali pake hapo ni sahihi na hapana mjadala. Lakini tukiishia hapo tunalipunguza. Mfamasia anayekataa kutia saini kupokea dawa iliyoisha muda, au anayekataa kutoa kiuavijasumu kisichohitajika, naye anatumia dhamiri ileile kwa ajili ya uhai uleule. Itakuwa ajabu kama hospitali zetu zitamlinda mfamasia anapokataa jambo la kwanza na kumwadhibu anapokataa la pili.

Kuna hapana nyingine inayotuhusu moja kwa moja kama Kanisa. Hospitali zetu zina marafiki ng'ambo, na marafiki huleta dawa. Tunawashukuru. Hata hivyo baadhi ya maboksi hufika yakiwa na dawa zilizobaki na miezi miwili ya matumizi, zenye maandishi ya lugha isiyosomeka na yeyote hospitalini, au za magonjwa yasiyotibiwa hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya misaada ya dawa unataka dawa iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika, iwe imeombwa na mpokeaji, na iwe na maelezo katika lugha inayoeleweka. Kuteketeza dawa kunagharimu fedha, na gharama hiyo humwangukia mpokeaji. Mfamasia anayemwandikia mfadhili barua ya heshima kwamba tunashukuru ila msilete hizi, mtusaidie hizi, anaokoa fedha ya maskini. Asiitwe mtovu wa shukrani.

Uganda na Kenya, Wakristo walilipatia jambo hili jibu la pamoja mapema. Mwaka 1979, ofisi za afya za Wakatoliki na Waprotestanti nchini Uganda ziliunda Joint Medical Store, bohari ya pamoja ya hospitali zao. Mwaka 1986 Kenya ikafuata kwa MEDS, iliyoanzishwa na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na chama cha afya cha makanisa mengine. Bohari hizi hununua kwa wingi, hupima ubora, na kumpa mfamasia wa hospitali ya kijijini bei ambayo peke yake asingeipata. Umuhimu wa kuwa na mizizi ya namna hiyo ulionekana mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya tarehe 20 Januari. Hata baada ya ruhusa maalumu kutolewa kwa huduma za kuokoa maisha, wafamasia wa kanda yetu walilazimika kukaa na daftari na kuhesabu dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI zitatosha hadi lini, na kama mgonjwa apewe za miezi sita au za mwezi mmoja. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atakosa dozi.

Tukiwa bado Uganda, hatuwezi kumpita Daktari Anne Merriman, Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kazi yake ilisimama juu ya dawa moja ya bei nafuu: mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji safi na kihifadhi, kisha kutiwa rangi ili nguvu zake zitofautishwe. Mgonjwa wa saratani anainywa nyumbani kwake na maumivu yanatulia. Kanisa linafundisha kwamba kupunguza maumivu ya anayekaribia kufa ni upendo, na barua ya Idara ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa, Samaritanus Bonus ya mwaka 2020, imelisisitiza. Lakini mofini haitoki katika barua. Lazima awepo mtu mwenye leseni, kabati la kufuli mbili, rejista isiyo na mstari uliorukwa, na mizani sahihi. Asipokuwapo, daktari hataiandika kwa hofu ya sheria, na mgonjwa atapewa parasetamoli huku mifupa yake ikimuuma usiku kucha.

Je, wafamasia hawa wapo? Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka wasajiliwe na Baraza la Famasi, na vyuo vinaendelea kuwatoa, kikiwemo chuo kikuu cha Kanisa cha sayansi za afya, CUHAS, kilicho pembeni ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Historia ya Bugando yenyewe inatufundisha uvumilivu: ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, ikarudishwa kwa Baraza la Maaskofu mwaka 1985. Tatizo lililopo ni kwamba kijana anayemaliza shahada huko huona mbele yake maduka ya mijini na makampuni ya uagizaji, wakati hospitali ya misheni iliyo kilomita 90 kutoka lami inampa chumba kimoja, mshahara unaochelewa, na cheo kilicho chini ya mhasibu. Majimbo yanayosomesha madaktari na wauguzi kwa mkataba wa kurudi kuhudumia yangeweza kusomesha pia wafamasia kwa mkataba huo huo. Tunajua masista kadhaa wanaoifanya kazi hii, na tungependa mashirika ya kitawa yafikirie kuwatuma wengi zaidi, kwa sababu mtawa hahami famasia kwa ajili ya nyongeza ya mshahara.

Bodi ya hospitali nayo ina la kufanya lisilohitaji fedha. Miongozo ya nchi inataka kila hospitali iwe na Kamati ya Dawa na Tiba, ambayo mfamasia ndiye katibu wake. Tunawaomba wajumbe wa bodi, wakiwemo mapadre na walei waliochaguliwa na jimbo, waulize katika kikao kijacho kamati hiyo imekutana lini mara ya mwisho na wasome muhtasari wake. Wamwite mfamasia mwenyewe aueleze, asielezewe na mwingine.

Kwa upande wetu waamini, dirishani tunaweza kukaa dakika mbili zaidi. Tutaje dawa zote tunazotumia, hata za mitishamba, hata zile tulizopewa na jirani. Tumwambie kama ni wajawazito, au tunanyonyesha. Tusimlazimishe sindano. Tukiambiwa kidonge kimoja kinatosha, tusiondoke tukisema hospitali hii siku hizi haina dawa, kwa kuwa maneno hayo yakifika kwa wakubwa yanakuwa lawama juu ya mtu aliyetutendea mema.

Na tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II, parokia zetu hupeleka wodini sabuni, sukari na khanga. Ziendelee kupeleka. Ila kabla ya kwenda sokoni, viongozi wa jumuiya wapite kwanza famasia ya hospitali na kuuliza wagonjwa wangapi mwezi huo walirudi nyumbani na cheti bila dawa kwa kukosa fedha, na dawa hizo zilikuwa za shilingi ngapi. Mfamasia anayo orodha. Kwa kawaida ni fupi, na kiasi chake hakizidi sana kile kinachotumika kwa sukari.